Siku moja na ndoo ya asali, Sikonge

Saa 12 asubuhi. Julai huku Tabora baridi inauma, na asali niliyoiacha sebuleni imeganda kama samli. Hakosekani mteja wa kuirudisha akidai nimetia sukari. Jamani, asali safi huganda! Nazamisha chupa kwenye maji ya uvuguvugu, inayeyuka taratibu. Na hilo jaribio lenu la njiti ya kibiriti, kuichovya kwenye asali na kuiwasha, ati ikiwaka asali ni safi, shira nzito ya sukari nayo inafaulu.

Saa 3. Binti wa jirani kaja na mtoto mgongoni, miezi saba, anakohoa. "Shangazi, kijiko kimoja tu nimlambishe." Namkatalia, na ndoo anaiona. Mtoto asiyetimiza mwaka hapewi asali hata tone: huweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo mchanga hauvimudu, vikatoa sumu ya kulegeza misuli hadi pumzi ikakata. "Mpeleke zahanati, mwanangu." Kaka yake wa miaka minne nampa kichupa, alambe kijiko kabla ya kulala. Kaondoka amenuna.

Saa 5. Nta. Masega yaliyokamuliwa nayachemsha na maji, nachuja kwa kanga kuukuu, nakandamiza kwa mwiko. Yakipoa, nta inaelea juu, gamba la njano lenye tope jeusi chini yake, nalikwangua. Kipande nakiyeyusha kwenye bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji moto, maana nta ikikutana na moto wenyewe inalipuka. Kijiko 1 cha nta, 4 vya mafuta ya alizeti: dawa ya magaga. Mama mkwe huchukua makopo mawili kila mara. Kulipa, bado.

Saa 9. Nimelala.

Saa 1 usiku. Porini na kijana wangu, moshi mkononi. Ndizi hatukuzigusa leo: harufu anayoitoa nyuki akidunga, ya kuwaita wenzake, inafanana na ya ndizi mbivu. Tunakata masega yaliyozibwa tu. Yaliyo wazi asali yake bado ina maji, itachachuka. Ya majana, watoto wa nyuki, tunayaacha.

Saa 4. Nimedungwa mara mbili, moja kwenye kope. Mwiba niliukwangua kwa ukucha palepale, kabla kifuko hakijamaliza kusukuma sumu. Kijana anacheka. Jicho linaziba, na kesho gulio.