Siku Moja na Uzi Mmoja wa Fedha

Saa moja asubuhi huwa nimekwisha kupima fedha kwenye mizani. Leo ni gramu 30 za fedha ya 925, yaani katika kila sehemu 1,000 zimo 925 za fedha safi na 75 za shaba, nayo shaba hiyo ndiyo inayoipa ugumu wa kuvaliwa kila siku. Nimekusudia kutengeneza kidani cha uzi mmoja usiokatika. Waya wa aina hiyo wapo masonara wanaoununua ukiwa tayari. Mimi nauvuta mwenyewe, kwa kuwa waya niliouvuta nimekwisha kuijua tabia yake kabla sijaukunja pindo la kwanza.

Saa mbili niliwasha moto. Nilinyunyiza boraksi, unga wa kusafisha fedha inapoyeyuka, chunguni, na fedha ikalainika kingo, kisha ghafla ikajikusanya ikawa tone moja linalozunguka na kung'aa kama kioo. Hapo hakuna kusita: niliimimina katika kalibu iliyokwisha kupashwa moto, maana kalibu baridi huigandisha fedha kabla haijaijaza. Fimbo iliyotoka niliifua juu ya fuawe, nikiilainisha motoni kila ilipokakamaa, hadi ikawa na unene wa milimita 3 na urefu wa kama sentimita 40.

Kazi yenyewe ilianza saa nne. Bamba la feleji lenye safu za matundu, kila tundu likiwa dogo kidogo kuliko lililotangulia, nililibana kwenye jiriwa. Nilichonga ncha ya fimbo kwa tupa, nikaipaka nta, nikaipenyeza tunduni, nikaikamata kwa koleo na kuvuta kwa uzito wa mwili mzima huku nikirudi nyuma hatua kwa hatua, bila kutua, kwa sababu ukitua waya hubaki na alama. Baada ya matundu matatu au manne fedha hukakamaa, na mkono hulijua hilo mapema: mvuto uliokuwa laini huanza kushtuka, na waya hutoa mlio mkavu. Hapo ni lazima urudi motoni. Mimi huuviringa, nikazima taa, kwani wekundu hafifu ninaoutafuta, kwenye nyuzi joto 650 hivi, hauonekani penye mwanga mkali. Kisha huuzamisha majini, na baadaye katika tindikali hafifu yenye moto ili weusi utoke. Kuutoa humo hutumia koleo la shaba. Koleo la chuma likiingia, fedha huvikwa ngozi nyekundu ya shaba.

Saa saba nilifanya kosa. Mlio ule niliusikia, nikajiambia tundu moja zaidi halitadhuru, na waya ukakatika palepale kwenye bamba, karibu na mkia. Niliumia, kwani onyo lilikwisha kunifikia mkononi. Kipande kifupi nilikiweka kando kiwe kifungo cha kidani, kirefu nikakirudisha motoni na kuanza tena kwa subira niliyopaswa kuwa nayo tangu mwanzo.

Kufikia saa tisa waya ulikuwa na unene wa milimita 1. Unene ukipungua mara tatu, urefu huongezeka mara tisa, hivyo hata baada ya hasara ile nilikuwa na zaidi ya mita 3. Niliukunja kwa vidole, bila kielelezo, vitanzi vikubwa kwa vidogo vikipishana, na kila nilipoukunja ukawa mgumu zaidi, mpaka kidani kikaweza kusimama chenyewe mezani. Huo ndio uhai wa pambo la namna hii: umbo hushikwa na ukaidi wa waya wenyewe, wala si kwa lehemu. Lehemu niliigusisha mahali pawili tu, kwenye kifungo, kwa mwali mdogo ulioelekezwa nje ili vitanzi visilegee.

Saa kumi na mbili jioni nilikipima: gramu 26. Vumbi la tupa na vipande vya ncha nimevifagia vyote juu ya ngozi iliyo chini ya meza, nikavitia katika mkebe wa fedha ya kuyeyushwa kesho.