Kabla hatujaomba mpaka ufungwe

Bwana asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii ni ndefu kidogo na najua haitamfurahisha kila mtu, mnivumilie tu.

Kwenye kesha la Ijumaa kuna ombi liliombwa kwa uchungu sana, Bwana funga mpaka wa Somalia, Bwana hawa wakimbizi warudi kwao, na Amina zikaitikiwa kanisa zima. Sababu sote twaijua. Tangu serikali izindue ule Mpango wa Shirika mwezi wa tatu 2025, kwamba Dadaab na Kakuma polepole ziache kuwa kambi za wakimbizi ziwe makazi ya kawaida, mkimbizi na mwenyeji waishi na wafanye kazi pamoja, watu hapa Malindi wameingiwa na wasiwasi na neno linalozunguka ni moja tu, watatujazia Al-Shabaab.

Sasa mtu asidhani hii hofu naichukulia mchezo. Mpeketoni, kule Lamu, si mbali na sisi. Juni 2014 watu wametulia usiku wanaangalia Kombe la Dunia wakavamiwa, zaidi ya 60 wakauawa pale na vijiji vya karibu, wanaume wakitenganishwa kwa dini. Kwa muda mrefu ukitaka kwenda Lamu basi haliendi bila gari la polisi mbele na nyuma. Westgate, lile duka kubwa la Nairobi, 2013 watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148, na baadhi yao walikuwa kwenye maombi ya alfajiri, vijana wameamka kumtafuta Mungu kabla ya lekcha. Mtu akiyakumbuka haya akaogopa hana dhambi yoyote, mimi mwenyewe naogopa.

Lakini tunamuogopa nani hasa? Baada ya Garissa serikali ikasema Dadaab ifungwe ndani ya miezi mitatu, 2016 ikatangaza tena, hoja yao ikiwa mashambulizi yanapangwa kambini, mpaka Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema hapana, hiyo ni kinyume na katiba na ni kubagua watu kwa wanakotoka. Sasa angalia, mmoja wa wale waliofyatua risasi Garissa alikuwa Mkenya, mtoto wa chifu kutoka Mandera, amesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi akamaliza. Na hoteli ya DusitD2 Nairobi 2019, mmoja wa washambuliaji ni kijana wetu ambaye babake alikuwa mwanajeshi wa Kenya. Hakuna aliyesema watoto wa machifu wasiingie chuo, wala kwamba familia za wanajeshi zichunguzwe nyumba kwa nyumba. Walipokuwa wetu tulijua kutenganisha mtu na jamaa zake.

Na hapa ndo nataka tukae kidogo, manake linatuhusu sisi kabisa. Shakahola.

Mwaka 2023, hapo nyuma yetu tu, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni. Zaidi ya 400. Ukijumlisha Westgate na Garissa na Mpeketoni zote hazifiki hapo, na waliokufa Shakahola hawakuuliwa na mtu aliyevuka mpaka, wengi walikufa kwa njaa wakiambiwa na mchungaji wao wanaenda kumuona Yesu, kwa Biblia hii hii tunayoshika. Mnakumbuka miezi ile ilikuwaje? Ukijitambulisha wewe ni mchungaji wa Malindi mtu anakuangalia mara mbili. Nairobi wakaanza kuongea makanisa madogo yote yafungwe, na mtu ambaye hajawahi kukanyaga ibada yetu akajua tayari sisi tuko vipi. Tulilia. Tulisema wachungaji wote si hao, njoo uone tunavyoabudu, angalia makaratasi yetu ya usajili, uliza majirani, kila mmoja ahukumiwe kwa lake. Na ilikuwa haki yetu kusema hivo! Sasa mbona neno hilo hilo likitoka kwa mama wa Kisomali aliyemkimbia Al-Shabaab huyo huyo tunayemuogopa sisi, tunaliona ni ujanja?

Najua wengi mkisikia mkimbizi mnaenda moja kwa moja kwa Yusufu na Mariamu wakimbilia Misri na mtoto, na ni kweli, ila pale ni rahisi mno, nani atamkatalia mtoto Yesu. Mimi wiki hii nimekaa na Yoshua 20, sura fupi ambayo tunairukaga. Mungu anaagiza miji sita ya makimbilio, Kedeshi, Shekemu, Hebroni, Bezeri, Ramothi na Golani. Anayekimbilia huko si malaika, ni mtu ameua. Ameua bila kukusudia, lakini damu iko, na yule mlipiza kisasi yuko nyuma yake mbio. Soma mstari wa 4 taratibu. Mtu yule anasimama penye lango, anaeleza habari yake wazee wa mji wakisikia, nao wanamwingiza na kumpa mahali pa kukaa. Mstari wa 5 mlipiza kisasi akija wasimtoe. Mstari wa 6 anakaa humo mpaka asimame mbele ya mkutano ahukumiwe. Na mstari wa 9 unasema wazi miji hii ni ya wana wa Israeli na ya mgeni akaaye kati yao, yani mgeni hakupewa mlango wake wa nyuma, alisimama lango lile lile.

Ona sasa, Mungu hakusema lango likae wazi mtu yeyote apite kama sokoni, na hakusema lifungwe kwa kabila fulani. Alisema wazee wasikize. Mmoja mmoja. Na Hesabu 35 inasema aliyeua kwa makusudi hana hifadhi, kwa hiyo mwenye kuficha muuaji kwa jina la ukarimu asitumie maandiko haya. Hata mkataba wa wakimbizi wa 1951 una kipengele hicho, aliyefanya uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu hastahili. Kuchuja watu si dhambi. Dhambi ni kuhukumu kabla hajafungua mdomo. Marekani Januari 2017 walifanya hivo, wakazuia wakimbizi wote kwa muda na watu wa nchi saba Somalia ikiwemo, na kuna watu wa Dadaab ambao walikuwa wamehojiwa miaka na miaka, alama za vidole, usalama, hospitali, wamefika Nairobi wanangoja ndege tu, wakarudishwa kambini. Hao walisikizwa mpaka mwisho na bado wakaambiwa hatuwajui.

Kuna mtu ataniuliza, na akipita gaidi mmoja kati ya elfu? Swali zuri na sina jibu la kukutuliza. Wazee wa mji wa makimbilio nao hawakuahidiwa usalama, walisimama kati ya mkimbizi na mtu mwenye upanga, sasa hapo usalama uko wapi? Sisi wa pwani hii tuna wetu. Karne ya 19 mashamba ya Malindi na Takaungu yalilimwa na watumwa, na waliotoroka walikimbilia bara, wengine wakafika Fuladoyo kwenye kijiji cha Wakristo kilichoongozwa na Mgiriama David Koi. Akawapokea akijua wenye mashamba watakuja. Walikuja, na mwaka 1883 wakamuua. Hivo kanisa letu huku mizizi yake iko kwa watoro na mtu aliyekufa kwa kuwapa mahali, na wengine kati yetu ni wajukuu wa watoro hao, ingawa siku hizi hatupendi kusema.

Na wakimbizi si jambo geni kwetu. Miaka ya 90 Marafa palikuwa na kambi ya Wasomali, wazee waulizwe. Wabajuni waliokimbia Kismayu na visiwa vyake walikuja na majahazi Lamu mpaka hapa, leo twanunua samaki kwa watoto wao na hatukumbuki walikuja vipi.

Mimi kinachonitisha zaidi ni lango lenyewe. Wazee wa Yoshua walitumia masikio, wetu pale barrier, kwenye kizuizi cha polisi, wanatumia mfuko. Gaidi hukosi kumkuta na pesa, atatoa na atapita usiku bila hata kuulizwa jina, alafu mama mwenye watoto hana kitu anarudishwa, na hapo tunasema mpaka umelindwa. Kwa hiyo kesha lijalo naomba tuwaombee maafisa wanaohoji wakimbizi wawe wavumilivu na wasile rushwa, tuwaombee askari wanaopambana na Al-Shabaab msitu wa Boni warudi kwa wake zao wakiwa wazima, na familia za Mpeketoni ambazo bado hazijapona. Na kama ndugu yako anafanya kazi barrier yoyote kati ya hapa na Liboi kule mpakani, mpigie simu wewe mwenyewe uongee naye, hilo usimwachie Roho Mtakatifu peke yake.