Vitz ya mama mdogo sasa ina 1NZ

Jamaa wa Dar wakiniuliza kwa nini mtu atoe injini ya 1SZ isiyo na kosa kwenye Toyota Vitz na kuweka injini kubwa zaidi, 1NZ, nawajibu waje Mbeya waendeshe Vitz ya cc 1000 kupanda mlima kutoka Igawilo hadi Isyonje, watu wanne ndani na viazi kwenye buti. Pwani gari hiyohiyo ni nyepesi na inakimbia vizuri. Huku juu inakosa pumzi, na hilo linapimika.

Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Isyonje inazidi 2,000. Kadiri unavyopanda hewa inapungua uzito, na injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Injini ya 1SZ-FE ina cc 997, na nguvu yake ya kiwandani ni farasi 70. Mbeya mjini zimebaki kama 58, Isyonje zinakaribia 55, halafu hapo ndipo mlima unapodai zaidi. 1NZ-FE ina cc 1496 na farasi kama 110. Hata Isyonje ikipunguzwa robo nzima, bado inabaki na themanini na kitu, nyingi kuliko ambazo 1SZ inazo ikiwa imeegeshwa chini ufukweni Matema, Ziwa Nyasa. Kwetu cc ni hewa. Anayedhani tunatafuta sifa hajawahi kupanda ile barabara na gari dogo.

Mama mdogo anaishi Isongole na anafundisha Uyole. Asubuhi anashuka, jioni anapanda. Fuso zilizoshusha ndizi Mwanjelwa zinarudi tupu Tukuyu saa zilezile, na dereva wa Fuso tupu hana subira na Vitz inayopanda kwa gia ya pili. "Mwanangu, wananipita kwenye kona," aliniambia. "Mimi naangalia mtaro huku, na ukungu ule, simwoni anayekuja mbele." Mimi ni fundi umeme wa magari, si fundi injini, lakini siku hiyo niliamua gari hilo lazima lipate nguvu.

Wengi hufikiri kazi ya namna hii ni kupata injini na winchi. Kumbe kazi yenyewe ni kupata gari zima la kuchukulia injini. 1NZ zipo kila mahali: IST ya 1.5, Funcargo ya 1.5, bB ya 1.5, zote zinayo. Mimi nilisubiri Platz. Platz ni Vitz yenye buti la nyuma, na ya 1.5 inasoma NCP12 kwenye kibati cha chesisi, wakati Vitz ya cc 1000 inasoma SCP10. Toyota wenyewe walitoa Vitz RS yenye 1NZ, NCP13, kwa hiyo nafasi kwenye boneti ipo tangu kiwandani. Tulipata Platz iliyogongwa nyuma hadi siti, mbele haijaguswa, na mwenyewe alikuwa anaiuza kama chuma. Tulichukua injini, gia boksi yake ya otomatiki, shafti zote mbili, mauntingi zinazoishikilia injini, rejeta na feni yake, bomba la ekzosti la mbele, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na wayaringi nzima bila kukata hata waya mmoja. Ukiuziwa injini peke yake, ikiwa imekatwa waya karibu na plagi kama mkia wa mbuzi, iache. Bei itakuwa nzuri, ila utakachookoa hapo utakimaliza kwenye kutafuta vipande.

Mzee wetu wa injini alifunga chuma. Sehemu yake ilikwenda haraka, kwa sababu mauntingi za Platz zilitupa pa kuanzia. Kabla ya kufunga alifungua mfuniko wa juu kuangalia cheni ya taimingi na rangi ya ndani, akabadilisha sili ya nyuma ya kranki, akaweka maji mapya ya rejeta na kifuniko kipya. Kifuniko hicho watu wanakidharau. Kwenye mwinuko wa Mbeya maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni ule mgandamizo unaoshikwa na kifuniko. Kikilegea, gari linachemsha mlimani hata kama rejeta ni nzima.

Halafu ikaja zamu yangu, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo. Kontroli boksi ya 1SZ haiwezi kuendesha 1NZ. Lazima ihame na injini yake, na inapohama inadai kuzungumza na gari lote: pampu ya mafuta, feni, kompresa ya AC, spidi, taa ya injini kwenye dashibodi, na ile swichi ya P na N inayoruhusu starta. Nilichora kila waya kwenye daftari, rangi na kazi yake, upande wa Platz na upande wa Vitz, kabla ya kushika mkasi. Kila muungo niliuchomea kwa risasi na kuuvika mpira unaosinyaa kwa joto. Waya uliosokotwa kwa vidole na kufungwa selotepu sitaki kuuona kwenye gari la mtu anayepita Isyonje. Ukungu wa kule unaingia mpaka kwenye plagi, na mwezi wa saba baridi na unyevu vinaugeuza muungo wa namna hiyo kijani. Waya za ethi, zile zinazorudisha umeme kwenye bodi na betri, nilibadilisha zote. Magari mengi yanayoletwa kwangu "kontroli boksi imekufa" yana ethi mbovu tu.

Iliwaka. Taa ya injini ikazima yenyewe, nikaunganisha mashine ya kusomea gari, hakuna kosa lolote lililohifadhiwa.

Vijana wa pale Mafiati waliniuliza kwa nini nisiweke turbo, mtu achukue Starlet Glanza yenye injini ya turbo ya 4E-FTE, farasi 135, na turbo haiteseki sana na mwinuko. Ni kweli, haiteseki. Ila mwalimu anayehitaji gari asubuhi saa kumi na mbili hahitaji injini inayodai oili ya bei na vipuri vya kuagiza. 1NZ ikiharibika sensa, anapata nyingine Kabwe, hapa mjini, siku hiyohiyo.

Breki hazikubaki vilevile. Kasi ya kupanda ni nzuri, lakini anayepanda Isyonje jioni atashuka Igawilo asubuhi, na mteremko ule unapika breki. Tulihamisha diski na kalipa za mbele za Platz, tukaweka pedi mpya, viatu vipya kwenye dramu za nyuma, tukamwaga maji yote ya breki ya zamani. Nikamwomba mama mdogo ashuke akiwa ameweka gia kwenye 2, injini imshike. Anafanya hivyo, nimekaa naye nikaona.

Lingine ni kadi ya gari. Kadi inaandika namba ya injini na ukubwa wake, kwa hiyo injini ikibadilika kadi nayo inatakiwa ibadilishwe, kupitia TRA, na gari likaguliwe. Tuliweka mkataba wa mauziano ya Platz na nakala ya kadi yake tangu siku ya kwanza. Injini isiyo na karatasi usiinunue hata ikiwa mpya. Bima pia ilijulishwa.

Mafuta? Mjini inakula zaidi kidogo. Mlimani tofauti ni ndogo kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa 1SZ ilikuwa inakanyagwa hadi chini njia nzima, na hii inapanda kwa gia ya tatu na mguu mwepesi. Fuso hazimpigii honi tena. Kwenye mwinuko wa mwisho yeye ndiye anayewasubiri.

1SZ yake tuliiuza na kontroli boksi na wayaringi yake yote, kwa mkulima wa mpunga Chimala ambaye Vitz yake iliua injini. Kule chini Usangu, tambarare, cc 1000 zinamtosha.