Jedwali la shekeli na drakma: kumbukumbu ya mradi

Siku ya 1

Lahajedwali la kubadilisha vipimo vya uzito vya kale limegawanywa karatasi mbili: moja ya uwiano, nyingine ya gramu. Mradi wote umesimama juu ya mgawanyo huo. Uwiano watu wa kale walituandikia wenyewe; gramu tunazipata kwa kupima mawe ya mizani na sarafu zilizofukuliwa, na hakuna mawili yanayolingana sawasawa.

Kwa Waebrania gera 20 ni shekeli, beka ni nusu shekeli, na shekeli 3,000 ni talanta. Hiyo 3,000 haikukisiwa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 38, kinataja wanaume 603,550, kila mmoja ametoa beka. Hizo ni shekeli 301,775, na andiko linazihesabu kuwa talanta 100 na shekeli 1,775. Ondoa 1,775, gawanya kwa 100. Kwa Wagiriki wa Attika, eneo la Athene, oboli 6 ni drakma, drakma 100 ni mina, mina 60 ni talanta.

Siku ya 2

Karatasi ya gramu ina namba mbili tu za kuanzia: shekeli 11.33, wastani wa mawe ya mizani ya ufalme wa Yuda, na drakma ya Attika 4.31. Nyingine zote zinakokotolewa kutoka hapo. Usiandike gera kwa mkono kuwa 0.57: ukizidisha mara 60,000 talanta inatoka kilo 34.2 badala ya 33.99, na gramu 210 zimeongezeka kwa kukadiria tu.

Kosa jingine la siku hii ni la programu yenyewe. Ukiandika 1/20 kwenye seli, inageuzwa kuwa tarehe. Anza na alama ya sawasawa: =1/20. Na kama kompyuta imewekwa kusoma mkato badala ya nukta ya desimali, 11.33 inaweza kuchukuliwa kuwa maneno, na fomula ikaleta hitilafu.

Fomula ni hii: kiasi, mara uwiano wa kipimo unachotoka, mara gramu za msingi wake (shekeli au drakma), gawanya kwa uwiano mara gramu za kipimo unachokwenda.

Siku ya 4

Majaribio. Mawe ya Yuda ya shekeli 4, 8, 16 na 24 yamechorwa tarakimu za Kimisri za 5, 10, 20 na 30. Ukisoma tarakimu peke yake utadhani jiwe la shekeli 8 ni la shekeli 10. Jedwali linatoa 8 × 11.33 = gramu 90.6, na debeni ya Misri, yenye kedeti 10, ni karibu gramu 91. Kwa hiyo 10 ile ni kedeti. Jaribio hili ndilo linalonipa imani kubwa na 11.33.

Pimu, kipimo kingine cha Waebrania, imekuwa ngumu kidogo. Kwa uwiano ni theluthi mbili za shekeli, gramu 7.55, lakini mawe yenye jina hilo yana karibu gramu 7.8. Nimeipa mstari wake wa gramu. (Neno lenyewe liko 1 Samweli 13:21, kabla mawe hayo hayajapatikana watafsiri walilikisia, na Biblia ya Kiingereza ya 1611 iliweka “tupa”.)

Siku ya 6

Hapa ndipo wengi wanapotea. Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, inatafsiri shekeli kuwa didrakma (drakma mbili), beka kuwa drakma, na gera kuwa oboli. Kwa nafasi ya kipimo katika mfumo inaeleweka: talanta ya Waebrania ina beka 6,000, na talanta ya Attika ina drakma 6,000. Lakini Kutoka 30:13 kwa Kigiriki inasema oboli 20 ni didrakma, wakati kwa Attika didrakma ina oboli 12. Na kwa uzito shekeli ni drakma 2.63 za Attika, si 2. Nimeongeza safu ya “jina katika tafsiri”, isiyoingia kabisa kwenye fomula.

Siku ya 7

Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anasema shekeli ni drakma nne za Attika. Shekeli yake si ile ya mawe ya Yuda. Shekeli ya enzi yake, sarafu ya fedha ya mji wa Tiro, ina karibu gramu 14, na drakma nne za 4.31 zingefika 17.2. Enzi ya Warumi drakma ya Attika ilihesabiwa sawa na dinari, sarafu ya fedha ya Kirumi, na dinari baada ya Kaisari Nero ilikuwa karibu gramu 3.4, mara nne ni 13.6. Kwa hiyo kila mstari sasa una safu ya kipindi. Bila kipindi, seli inabaki tupu.

Ratli ya Yohana 12:3 nayo imeingia. Kigiriki kina litra, ratli ya Kirumi, karibu gramu 327. Msomaji aliyezoea ratili ya dukani ya gramu 454 atazidisha manukato ya Yohana 19:39 kutoka kilo 33 hadi 45.

Siku ya 9

Dirii ya Goliathi, shekeli 5,000: kilo 56.65, au talanta 2, mina 11 na drakma 44 za Attika. Matokeo ya gramu sasa yanaonyeshwa kwa tarakimu mbili tu, kilo 57, maana mawe hayaruhusu zaidi. Kinachofuata ni swichi ya mane (mina ya Waebrania): shekeli 50 kwa chaguo la kawaida, na 60 kwa Ezekieli 45:12, ambako Kiebrania kinajumlisha 20, 25 na 15.