Umefukia bahari, unataka cheti cha kijani?

Wiki hii nimeulizwa mara mbili kazini, eti jengo likikaa kwenye ardhi iliyofukiwa baharini linapata cheti cha LEED, yaani cha jengo linalojali mazingira? Inategemea, na watu wanapotea kwasababu wanakimbilia sola na AC kabla hawajaangalia ardhi yenyewe.

LEED ya USGBC, baraza la majengo ya kijani la Marekani, ina masharti ya kuingilia, usipoyatimiza hata pointi hazihesabiwi. Kwenye toleo la 4 mradi lazima uwe mahali pa kudumu, juu ya ardhi ambayo tayari ipo, kwahiyo hoteli ya kuelea inayohamahama hapo haimo. Na ukimwaga mchanga baharini ili upate pa kujenga huo mradi wako, umeshatoka. Ardhi ya kutengenezwa inakubalika pale tu ilipokuwa imeshaendelezwa, imeshabeba jengo lingine au sakafu ngumu kama paking, iliyojengwa kwa shughuli nyingine isiyokuwa mradi huu.

Hayo maneno ya mwisho ndo ya kuyashika. Kuna jamaa akanambia si tumwage lami mwaka huu mwakani tujenge? Hapana ndugu yangu, hiyo lami nayo umeimwaga kwa ajili ya mradi uleule!

Mi nimekulia Unguja. Pale Darajani, sokoni mjini, palikuwa na maji kweli, mkono wa bahari ukiitwa Pwani Ndogo, upande wa pili ndo mtaa wa Ng'ambo, na daraja likavuka juu, jina likabaki. Maji yakafukiwa, leo watu wananunua samaki na ndizi hapohapo. Jengo jipya pale kwa sharti hili sioni tatizo, bahari ilishaondoka zamani kwa mambo mengine kabisa.

Juzi nimeshika sampuli ya udongo wa kiwanja kimoja cha kufukiwa, mchanga wa kijivu umejaa vipande vya kombe na konokono. Huo ulinyonywa chini ya bahari. Ukinyonya mchanga unafumua sakafu walipokuwa wakiishi viumbe, na vumbi lake linaelea majini mpaka linatua juu ya matumbawe na majani ya bahari, halafu huko mahali pa kufukiwa unazika wengine. Kioo cha kuzuia joto hakirudishi hayo, ndo maana naliunga mkono hili sharti kwa moyo wote.

Kwahiyo kabla hujamlipa mshauri tafuta picha za zamani za kiwanja kutoka angani, vibali na mikataba ya upangaji, uone nani alifukia, lini, na kilijengwa nini kwanza.