Kiwango cha dola: kigeu kimoja, nakala mbili

Imekubali! Saa saba usiku, umeme umerudi nusu saa tu, na hatimaye programu ya mjomba inataja bei moja ya ndoo ya rangi.

Naandika kwenye Linux, lakini duka lake, komini ya Kenya hapa Lubumbashi (Kenya yetu, si ile ya Nairobi), lina kompyuta ya Windows. Kila asubuhi anaingiza kiwango cha dola. Juzi aliweka 2850. Skrini ya kaunta ikasema ndoo ya dola 12 ni faranga 34 200. Daftari la mauzo likaandika 33 600. Akanipigia: "Mupwa, hii mashini yako iko na bei mbili, sawa muuzaji wa soko!"

33 600 ni 12 mara 2800, thamani niliyoiandika mwenyewe kwenye msimbo. Kumbe kuna upande wa programu ambao haukuwahi kusikia habari za 2850.

Siku mbili nilimsingizia kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Nilitoka kompaila ya MSVC nikaenda ya MinGW, nikarudi, bure. Ndipo nikachapisha anwani ya kigeu kiwango_dola kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa %p, kutoka duka.exe (programu yenyewe) na kutoka bei.dll (maktaba inayopakiwa programu ikianza). Anwani mbili! Kwenye Linux ni moja.

Kosa ni langu. kiwango.c, faili lenye kigeu hicho, imo kwenye msingi, maktaba tuli (inayonakiliwa ndani ya kila kinachoitumia) ambayo niliiunganisha kote kuwili, kwenye programu na kwenye bei. Linux ilikuwa inanifichia aibu: wakati wa kupakia, jina hutafutwa kwanza ndani ya programu yenyewe, na .so (DLL ya Linux) inatumia lililopatikana huko, nakala yake inalala. Windows haina mchezo huo. Kila .exe na .dll humalizana na majina yake ya ndani tangu kwa linka (inayounganisha vipande vya programu), kila mmoja na chungu chake. Wala haitoi kosa, wala onyo. Hilo ndilo lililoniudhi.

Kilichonifurahisha zaidi: nilijenga upya kwenye Linux kwa bendera -fvisibility=hidden, inayoficha majina yasionekane nje ya faili lao, na ugonjwa ukatokea hapa hapa mezani, 2800 na 2850. Sitajenga tena bila hiyo bendera. Kuvuka mji na flashi kila ninapobadilisha mstari mmoja kumenitosha.

Dawa: msingi ikawa DLL yake peke yake. Nikaweka dllexport (alama ya kutoa jina nje ya DLL), nikasahau dllimport (ya kulipokea) upande wa programu, linka ya MSVC ikagoma. Fonksheni huvumilia usahaulifu huo kwa sababu linka huziwekea kidaraja cha kurukia. Kigeu hakina kidaraja, lazima kompaila ajue mapema kwamba anwani yake itasomwa kupitia __imp_kiwango_dola, kielekezi kinachoitunza. CMake, chombo cha kupanga ujenzi, ina WINDOWS_EXPORT_ALL_SYMBOLS ya kutoa majina yote nje, watu wanaisifu, lakini kwa vigeu dllimport bado unaiandika kwa mkono. Nikachoka na makro. Nikakificha kigeu kwa static ndani ya faili lake, nikatoa fonksheni soma_kiwango() na weka_kiwango() tu.

Wiki hii nilipanga kuchapa risiti. Sijazigusa. Mjomba ametaja kaunta ya pili kule Katuba, na huko huenda akauza kwa kiwango kingine, kwa hiyo kiwango kinahamia ndani ya struct (kifurushi cha data) ya kila duka. Faili nimeshaifungua, umeme bado upo.