Kondoo wekundu, kope nyeupe: daftari la mradi wetu wa Isinya

Aprili, wiki ya kwanza. Mvua imeshika. Tuko majirani 6, kondoo 71, na wazo letu tangu mwanzo lilikuwa moja: Dorper. Ni kondoo aliyetengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na Blackhead Persian. Anakua upesi, amejaa nyama, na dalali akimwona hapiti. Dume tulimnunua kwa mchango. Aliingia zizini Oktoba, na wanakondoo wakazaliwa Machi, miezi mitano kamili.

Aprili, mwisho. Mambo yameharibika. Wawili wamekufa kwangu, mmoja kwa jirani. Wengine wamevimba chini ya taya, na hawaharishi hata kidogo, jambo lililotupoteza kwa siku kadhaa. Daktari wa mifugo alifunua kope ya chini ya kondoo mmoja tu akatikisa kichwa: nyeupe. Ni minyoo ya tumbo, ile inayonyonya damu. Mayai hutoka na kinyesi, mabuu hupanda kwenye majani mabichi yenye maji, na kondoo huyala asubuhi na mapema. Sisi ndio tuliokuwa tukiwafungulia alfajiri!

Tumepima wote kwa ile kadi ya rangi tano, unayoilinganisha na rangi ya ndani ya kope. Waliopauka ndio tu waliopewa dawa, maana ukinywesha zizi zima kila mara, minyoo inayobaki ni ile sugu. Nilipomaliza kuandika ndipo nikaona kilichokuwa mbele ya macho yangu: kati ya 11 waliopauka vibaya, 9 ni chotara wa Dorper. Wale wekundu wa Kimaasai, wenye mkia wa mafuta, kope zao ni nyekundu kama kawaida.

Mzee jirani, ambaye hakuwahi kukubali dume letu lipande majike yake, alicheka. "Kijana, huyo wako anakula kama mgeni na kuugua kama mgeni."

Hakusema jipya. Miaka ya 1990 watafiti waliwalinganisha kondoo hawa huko pwani ya Kenya, kwenye unyevu mwingi, na mwekundu akamshinda Dorper kwa kustahimili minyoo. Lakini kufikia hapo Dorper alikuwa ameshasambazwa sana tangu miaka ya 1970, kila mtu akachanganya anavyotaka, na mwekundu halisi akawa wa kutafutwa. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wanalo kundi lao Kapiti, kule Machakos.

Juni. Tumebishana jioni mbili. Mimi sitaki kumtupa Dorper. Nyama yake ndiyo inayolipa karo. Tulichokubaliana: majike bora wekundu 20 watengwe na kupandwa na dume mwekundu tu, na waliobaki wapandwe na Dorper, chotara wote wauzwe, jike na dume. Hereni masikioni, rangi mbili. Kufungulia ni baada ya umande kukauka.

Pia tumenunua mizani ya kuning'iniza. Dalali wa soko la Bisil alizoea kukadiria kwa kushika mgongo, na mgongo ulikuwa mwembamba kila alipoushika yeye. Juzi tulipeleka 12 pamoja, uzito umeandikwa kwa kila mmoja. Alinuna, akalipa.

Julai. Dume mwekundu bado. Mzee ana mmoja mzuri, lakini anataka jike wawili wenye mimba badala yake. Kesho naenda tena na sukari.